Matuta ya Matombo na vijana wa programu

Mwaka 1955 wananchi wa Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, walijitokeza kwa wingi kuwaambia watawala wao kwamba hawachimbi tena matuta ya ngazi. Mkusanyiko uligeuka vurugu, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akapoteza maisha. Baada ya hapo serikali ya kikoloni haikuwa na ubavu wa kuendelea. Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, uliopangiwa miaka kumi, ukafia katikati.

Msomaji atauliza: tukio hilo linawahusu nini vijana wanaotengeneza programu za kompyuta?

Linawahusu sana. Katika ofisi nyingi zinazotengeneza mifumo ya kompyuta nchini Tanzania, neno linalotawala vikao siku hizi ni ajaili: namna ya kutengeneza programu kidogokidogo, kwa awamu fupi, mtumiaji akiwa karibu. Mabosi wanaagiza timu zao zihamie huko. Watu wanapelekwa kozi, vyeti vinatafutwa, karatasi za rangi zinabandikwa ukutani. Miezi inapita, mfumo unakabidhiwa kwa picha na makofi, na mtumishi wa kijijini aliyekusudiwa kuutumia anarudi kwenye daftari lake.

Hoja ya makala haya ni moja. Ajaili ni chombo kizuri, lakini ukiileta kwa amri umeshaiua, kwa sababu kiini chake ni kumpa fundi na mtumiaji nguvu ya kuubadilisha mpango. Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru, walilijua hilo kwa gharama ya damu. Nusu karne baadaye, katika milima hiyohiyo, ikaonekana pia namna ya kulifanya vizuri.

Mpango usio na masikio

Tuanze kwa kuwatendea haki mabwana shamba wa wakati ule. Tatizo walilolitaja lilikuwa la kweli. Milima ya Uluguru ndiyo inayoijaza mito ya Mgeta, Mvuha na Mfizigo, ambayo yote huishia Ruvu, mto ambao mpaka leo unainywesha Dar es Salaam. Mashamba yalikuwa kwenye miteremko mikali na udongo ulikuwa ukiserereka kila masika. Dawa waliyoijua ilikuwa matuta ya ngazi, yanayokata mteremko na kuuzuia udongo. Nchi nyingine zilikuwa zimeyatumia kwa karne nyingi, na yalikuwa yamezaa matunda.

Mpango ukaandikwa ofisini na kuanza kutekelezwa mwaka 1950. Kuchimba matuta ikawa lazima kwa mujibu wa sheria ndogo, na asiyechimba akashitakiwa na kutozwa faini. Wasimamizi wakawa watawala wa jadi walioingizwa katika utawala wa kikoloni, na hivyo wakajikuta katikati ya amri kutoka juu na hasira kutoka chini.

Sasa angalia lilikokwama. Upande wa mashariki wa Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba juu ya mteremko. Ukikata ngazi pana unachimbua udongo wa chini, usio na uhai, na kuufukia ule mzuri. Mahindi yaliyopandwa juu ya matuta mapya yalidumaa. Mkulima aliliona hilo msimu wa kwanza tu. Kulikuwa na jambo jingine pia: ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, hurithiwa kwa upande wa mama, na wengi hulima vipande walivyoazimwa na ukoo mwingine. Kuchimba kitu cha kudumu juu ya shamba la kuazima ni kuanzisha swali la nani mwenye shamba.

Habari zote hizo zilikuwepo vijijini. Zilichokosa ni njia ya kuufikia mpango na kuugeuza. Hata tofauti ya mahali kwa mahali haikupewa uzito. Upande wa pili wa mlima, Mgeta, wakulima wa mboga waliokuwa na maji ya mifereji waliweza kunufaika na matuta, lakini amri ilikuwa ileile kwa wote. Roland Young na Henry Fosbrooke, waliochapisha kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, walilichambua sakata hilo kwa kirefu. Ukisoma habari zake leo, ukabadilisha neno matuta ukaweka neno mfumo, utadhani unasoma ripoti ya mradi wa kompyuta ulioshindwa mwaka jana.

Watu 17 mlimani Utah

Februari 2001, wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, sehemu ya michezo ya theluji katika jimbo la Utah, Marekani. Miongoni mwao walikuwa Kent Beck, Martin Fowler, Ward Cunningham, Ken Schwaber na Jeff Sutherland. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya kazi, na wengine walikuwa washindani. Walichokubaliana, na kukiita ajaili, kiliingia katika ukurasa mmoja: wathamini watu na maelewano yao zaidi ya taratibu na zana, programu inayofanya kazi zaidi ya nyaraka nyingi, ushirikiano na mteja zaidi ya mvutano juu ya mkataba, na uwezo wa kubadilika zaidi ya kung'ang'ania mpango. Chini yake wakaweka kanuni 12.

Walikuwa wanaukimbia mtindo unaoitwa maporomoko. Katika mtindo huo unakusanya mahitaji yote kwanza, unayaandika na kuyatia saini. Kisha unasanifu, halafu unaandika programu, halafu unajaribu, mwisho unakabidhi. Kila hatua ikifungwa hairudiwi, kama ambavyo maji hayapandi mlima. Mara nyingi mtindo huo unanasibishwa na makala ya mhandisi Winston Royce ya mwaka 1970. Kichekesho ni kwamba Royce mwenyewe alionya humohumo kuwa kufanya kazi namna hiyo ni kujitafutia balaa. Watu walichukua mchoro, wakaacha onyo.

Ndani ya mwavuli wa ajaili mna njia kadhaa. Skramu, iliyotambulishwa hadharani na Sutherland na Schwaber mwaka 1995, inagawa kazi katika awamu za wiki moja hadi nne. Njia ya Beck, aliyoikomaza katika mradi wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler, inasisitiza majaribio yasiyokoma na watu wawili kuandika programu pamoja kwenye kompyuta moja. Kanbani ilitoka kwenye viwanda vya Toyota, Japani, chini ya Taiichi Ohno, na kanuni yake kubwa ni kutoanza kazi mpya kabla ya kumaliza zilizo mkononi. Majina yasikutishe. Zote zinajibu swali moja: utajuaje mapema kwamba umekosea?

Wiki mbili na kitabu namba 6

Nadharia inaeleweka zaidi ikishushwa chini. Chukua mfano wa timu ya vijana watano iliyopewa kazi ya kutengeneza programu ya zahanati katika tarafa ya Matombo.

Kwenye meza ya muuguzi wa zahanati kuna vitabu vya MTUHA, yaani vya kutunza taarifa za huduma za afya. Namba 6 ni cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wanaojifungua. Mwisho wa mwezi anakaa navyo, anahesabu mstari kwa mstari, anajaza fomu za muhtasari na kuzipeleka halmashauri. Huko ndiko takwimu huingizwa kwenye mfumo wa taifa wa DHIS2.

Timu ya mtindo wa zamani ingeomba vitabu vyote, ingeandika waraka mnene, ingejifungia mwaka mzima. Timu ya ajaili inachagua kitabu kimoja, tuseme namba 6, na ndani yake jambo moja: kuandikisha hudhurio la kwanza la mjamzito na kujumlisha mwisho wa mwezi. Inajipa wiki mbili. Ukutani kuna ubao wenye safu tatu: ya kufanya, inayofanywa, iliyokwisha. Kila asubuhi wanasimama mbele yake kwa robo saa, kila mmoja anasema alichomaliza jana, anachofanya leo na kinachomkwamisha. Wanasimama makusudi, maana kikao cha kukaa huwa kinaota mizizi.

Wiki mbili zikiisha, timu inapanda gari. Wanapita Bigwa, Kiroka na Mkuyuni mpaka Matombo, siku ya kliniki, wanampa muuguzi kishikwambi, wanakaa pembeni na kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Ndani ya dakika chache wanajifunza mambo ambayo hakuna warsha ingewafundisha. Programu inadai tarehe kamili ya kuzaliwa na haiendelei mbele bila hiyo. Mama aliyeketi kwenye benchi anajua umri wake, tarehe haijui. Foleni ni ndefu, muuguzi yuko peke yake, kwa hiyo anabonyeza Januari mosi ili apite. Anayefuata, Januari mosi. Kufikia saa sita mchana nusu ya wajawazito wa kata wamezaliwa siku ya Mwaka Mpya, na takwimu imeshaharibika bila mtu yeyote kudanganya kwa nia mbaya. Kisha mtandao unakatika na kilichoandikwa kinapotea. Muuguzi anafungua kitabu namba 6, anachukua kalamu na kuendelea na wagonjwa wake.

Kwa timu ya ajaili hiyo ni siku ya mafanikio makubwa. Wametumia wiki mbili, wamegundua makosa mawili ambayo yangewagharimu mwaka. Wanarudi na kujitathmini, kila mtu kwa uhuru: nini kilienda vizuri, nini hakikwenda, tubadilishe nini. Orodha ya kazi inapangwa upya. Sehemu ya tarehe inakubali umri mtupu, na programu inafundishwa kufanya kazi bila mtandao kabla ya kuongezwa pambo lolote. Fundi cherehani anayejiheshimu hakushonei suti nzima kabla hujajaribu koti likiwa bado na nyuzi za kushikiza.

Morogoro haianzii sifuri

Wanaodhani mambo haya ni ya kuletewa kutoka nje watazame historia ya Morogoro yenyewe, mkoa wenye milima ya Uluguru.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla ya mkutano wa Snowbird, Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Canada waliendesha mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, wilaya ambayo Matombo imo. Swali lilikuwa hili: je, wilaya ikijua watu wake wanakufa kwa nini, na ikipewa fedha kidogo za ziada, itapanga bajeti vizuri zaidi?

Takwimu zilipotoka, ziliaibisha. Morogoro, malaria ilikuwa ikichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya. Kifua kikuu, chenye mzigo usiofika asilimia 4, kilikuwa kikipata asilimia 22. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Bajeti ya mwaka ilikuwa ikifuata ya mwaka uliopita.

Kwa msomaji wa makala haya, utamu uko kwenye zana. Timu za afya za wilaya hazikuhitaji majedwali ya maprofesa. Zilitengenezewa programu nyepesi ya kompyuta inayogeuza takwimu za vifo kuwa michoro ya nguzo, na nyingine ya kuonyesha fedha zinakokwenda. Mganga mkuu wa wilaya aliweza kuweka michoro miwili kando kwa kando na kuona pengo kwa macho. Mpango ukarekebishwa, mwaka ukapita, takwimu zikaangaliwa tena, mpango ukarekebishwa tena. Fedha za ziada zilizotumika zilikuwa chini ya dola moja kwa mtu kwa mwaka. Kwa mujibu wa IDRC, vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka iliyofuata. Wakati huo hapakuwa na aliyetamka neno ajaili, ila mzunguko ulikuwa uleule.

Songa mbele hadi Desemba 2014. Jijini Arusha, madaktari wa binadamu, madaktari wa mifugo na watengeneza programu walifungiwa pamoja kwa siku chache kubuni zana za kufuatilia magonjwa. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa AfyaData, programu ya simu iliyoendelezwa na kituo cha SACIDS kilichoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Hawakuanza kuandika kila kitu upya. Walijenga juu ya ODK, programu huria ya kukusanya takwimu, na kuifanyia majaribio Ngorongoro na Morogoro wakiwatumia wanavijiji waliofundishwa kuripoti dalili za ugonjwa kwa watu na mifugo.

Jambo moja katika muundo wake linastahili kutajwa. Ripoti za serikali kwa kawaida hupanda tu, hazishuki. AfyaData ilijengwa ili anayeripoti ajibiwe: mtaalamu anasoma dalili zilizotumwa, anarudisha ushauri kupitia simu ileile. Timu ya Profesa Esron Karimuribo iliyoeleza kazi hiyo mwaka 2017 iliyapa majibu hayo nafasi kubwa. Mtu ambaye ripoti zake hazijibiwi huacha kuripoti, au huandika Januari mosi.

Hata DHIS2 inayotumika nchi nzima ina nasaba ya namna hiyo. Chimbuko lake ni Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, mahali ambapo mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alikuwa amekwishafanya kazi na vyama vya wafanyakazi tangu miaka ya 1970 akidai kwamba anayetumia mashine ashiriki kuisanifu. Leo mfumo huo unatumika katika nchi zaidi ya 70, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa miongoni mwa wajenzi wake kwa miaka mingi.

Walioomba kimoja, wakatumia kingine

Mfano mwingine uko kwa majirani. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza kujaribu huduma ya simu nchini Kenya, Thika ikiwa mojawapo ya maeneo ya majaribio. Iliandaliwa kwa ajili ya kurejesha mikopo midogo ya taasisi ya Faulu Kenya. Wateja wa majaribio hawakuzidi 500.

Waliokopa walikuwa na mawazo yao. Wakaanza kurushiana fedha, kuwalipia wenzao, kuweka salio upande mmoja na kulitoa upande mwingine baada ya safari ili wasibebe noti njiani. Kwa timu inayoabudu mpango, hayo yangekuwa matumizi mabaya ya mfumo. Nick Hughes na Susie Lonie, waliokuwa wakiongoza kazi hiyo, waliyachukua kama majibu. Huduma ikapunguzwa na kurahisishwa, mikopo ikawekwa kando, na Machi 2007 M-Pesa ikaingia sokoni ikiwa na kazi moja kubwa ya kutuma fedha. Mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Mengine msomaji anayo mfukoni.

Ajaili ya amri

Kama njia hii ni nzuri hivi, mbona inashindwa katika ofisi nyingi? Ukisikiliza wanaoifanya kazi hii, malalamiko ni yaleyale.

La kwanza ni kikao cha asubuhi kugeuka gwaride. Bosi anakaa, vijana wanasimama, kila mmoja anatoa ripoti kwa bosi badala ya kuzungumza na wenzake. Hapo hakuna atakayekiri kwamba amekwama. Katika utamaduni wetu, mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu, na heshima hiyo ina mahali pake. Lakini kikao ambacho kijana wa miaka 24 hawezi kumwambia mkurugenzi kwamba ombi lake litaharibu mfumo ni kikao cha kupoteza robo saa. Wakubwa wenye busara wameshalipatia ufumbuzi: hawahudhurii kikao cha asubuhi. Wanakuja siku ya maonyesho, programu ikiwa mezani, na wanauliza maswali kama wageni wengine.

La pili ni mtumiaji wa hotelini. Mji wa Morogoro ni mji wa warsha. Wiki hadi wiki kumbi zake hujaa maofisa kutoka Dar es Salaam na Dodoma, na mahitaji ya mifumo mingi ya umma hukusanywa humo, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Wanaokaa ukumbini ni waratibu na wakuu wa vitengo. Muuguzi wa Matombo, ambaye angefika kwa saa chache za barabara, hayumo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wanaoisimulia ukumbini wanaisimulia kwa kusikia.

La tatu ni mkataba. Zabuni nyingi za mifumo huja na hadidu za rejea zilizoorodhesha kila kitu tangu siku ya kwanza, bei ikiwa imefungwa na malipo yakifuata nyaraka: ripoti ya uzinduzi, ripoti ya mahitaji, ripoti ya usanifu. Mkandarasi anaweza kulipwa zaidi ya nusu ya fedha kabla mtumiaji hajagusa kitu chochote. Akigundua kosa katikati, kulirekebisha ni kuomba nyongeza ya mkataba, na kuomba nyongeza ni kujitafutia hoja ya ukaguzi. Kwa hiyo ananyamaza na kukamilisha kile anachojua hakitafaa.

La nne ni uvivu unaojificha nyuma ya ajaili. Wapo waliosikia kwamba nyaraka hazithaminiwi sana, wakaacha kuandika kabisa. Mradi wa wafadhili ukifika mwisho, vijana wanatawanyika na siri za mfumo wanaondoka nazo kichwani. Wapo pia waliodhani ajaili maana yake ni kasi, wakasahau kwamba haraka haraka haina baraka. Awamu ni fupi ili kosa lionekane mapema, na watu wanatakiwa kufanya kazi kwa mwendo wanaoweza kuuhimili mwaka mzima.

Matatizo hayo si yetu peke yetu. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitupa mfumo wake wa kutunza kesi mwaka 2005 baada ya kuteketeza takriban dola milioni 170. Likaanza mwingine, Sentinel, kwa mkandarasi mkubwa, nao ukachelewa. Mwaka 2010 shirika likaichukua kazi mikononi mwake, likapunguza timu, likafanya kwa awamu fupi na kuonyesha matokeo kila mara. Mwaka 2012 Sentinel ikaanza kutumika. Hapa kwetu, mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, uliojengwa na wataalamu wa ndani na kuchukua nafasi ya ule wa TANePS mwaka 2023, umefungua mlango kama huo: fundi akiwa ndani ya nyumba, kubadilisha kitu hakuhitaji barua ya kwenda ng'ambo.

Matuta yaliporudi

Simulizi ya Uluguru haikuishia kwenye risasi. Katika miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mradi katika kata ya Kibungo Juu, kwenye milima hiyohiyo. Tatizo lilikuwa lilelile la udongo kuchafua maji yanayokwenda Ruvu. Safari hii watumiaji wa maji wa mjini, shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo, DAWASCO, na kampuni ya Coca-Cola, walikubali kuchangia, na wakulima wakalipwa kwa kuhifadhi udongo kwenye mashamba yao. Miongoni mwa mbinu walizopewa kuchagua yalikuwamo matuta ya ngazi.

Wakulima wakayachimba. Kitu ambacho babu zao walikataa kwa mawe, wajukuu walikichimba kwa hiari, pamoja na kupanda miti na kutumia samadi ili kurudisha rutuba ya udongo uliochimbuliwa. Milima ni ileile, mvua ni ileile, na kwa sehemu kubwa tuta ni lilelile. Kilichobadilika ni mazungumzo: mkulima alikuwa na haki ya kukataa, alianza na kipande kidogo, aliona matokeo, na alijua anachokipata.

Hilo ndilo jambo ambalo kiongozi wa timu ya programu anapaswa kulishika kabla ya kumtuma mtu kozi. Mbinu za ajaili hazina miujiza. Ubao, kikao cha kusimama na awamu ya wiki mbili vinaweza kutumika kukandamiza kama zilivyotumika faini na sheria ndogo. Kinachovipa uhai ni haki ya mtu wa chini kusema hapana, na wajibu wa mtu wa juu kubadilisha mpango baada ya kuisikia.

Kipi kianze Jumatatu

Kwa mkurugenzi au mkuu wa kitengo cha TEHAMA anayetaka kuanza, ushauri ni mfupi. Usitangaze mageuzi ya ofisi nzima. Chagua timu moja iliyo tayari na kazi moja ndogo yenye mtumiaji anayejulikana. Waache waamue wenyewe awamu iwe ya wiki ngapi. Teua mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho juu ya kipi kitangulie, ili timu isivutwe na maofisa watano. Kila awamu iishe kwa programu inayofanya kazi, mikononi mwa mtumiaji, mahali anapofanyia kazi. Baada ya miezi mitatu, waite timu nyingine zije kuona, ziamue zenyewe kama zinataka.

Mahali panapohitaji uhakika wa mapema, kama malipo ya serikali, siri za wagonjwa au matakwa ya sheria, andika na uhakiki kabla ya kujenga. Ajaili haimzuii mtu kufikiri kwanza.

Kwa wanaoandaa zabuni, fungeni lengo na muda, muache njia ya kufikia lengo iwe wazi. Lipeni kwa kipande cha mfumo kinachotumika kituoni, kilichothibitishwa na anayekitumia. Wekeni kwenye bajeti fungu la kuwapeleka watengeneza programu vijijini kila mwezi, hata kama itabidi kupunguza warsha mbili za mwaka. Mafuta ya gari kutoka Morogoro mjini hadi Matombo ni nafuu kuliko mfumo usiotumika.

Na kwako kijana unayeandika programu usiku huu: kabla hujaongeza kitufe kingine, tafuta mtu mmoja atakayekibonyeza, umpe simu, unyamaze umtazame. Akikwama, kosa ni lako, na bado una muda wa kulirekebisha.